Maria Montessori, Rafiki wa Watoto Wadogo

Wakatekumeni wapenzi, wengi wenu mnakuja mafundishoni pamoja na watoto. Mmoja yu mgongoni, mwingine ameshika kitenge cha mama yake, na wa tatu amebaki nje akichimba udongo kwa kijiti. Huyo wa tatu ndiye tutakayemfikiri leo. Anachimba nini? Anatafuta nini? Mzazi akipita humkemea asijichafue. Akiuliza jambo, huamriwa anyamaze, kwa kuwa wakubwa wanazungumza. Basi, leo tusome maisha ya mwanamke aliyesimama karibu na mtoto wa namna hiyo, akamtazama kwa saburi, akatambua ya kuwa mtoto yule yumo kazini. Jina lake ni Maria Montessori. Alikufa mwaka 1952, lakini shule zinazofuata njia yake ziko katika nchi nyingi za dunia, hata katika Afrika ya Mashariki.

Binti aliyetaka kusoma

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi za tumbaku. Mama yake, Renilde, alipenda sana vitabu, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wanawake wa siku zile. Hawakuwa na mtoto mwingine. Mwaka 1875 jamaa hiyo ilihamia Roma.

Zamani zile binti wa Italia alitazamiwa kuolewa, na kama akisoma sana, kuwa mwalimu. Maria alichagua njia nyingine. Akiwa na miaka 13 aliingia shule ya ufundi iliyokuwa ya wavulana. Baadaye akataka kuwa mganga wa hospitali. Baba yake hakupendezwa, lakini mama yake alimtia moyo. Katika Chuo Kikuu cha Roma alikutana na mateso mengi. Watu waliona ni aibu kwa msichana kusimama pamoja na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi. Kwa hiyo alilazimika kujifunza kazi ya kupasua maiti peke yake, wanaume wakiisha kwenda zao. Hebu fikirini msichana mmoja katika chumba cha wafu, jioni, bila mwenzi. Hakukimbia. Mwaka 1896 alipata shahada ya uganga, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Italia kuipata.

Watoto waliosahauliwa

Maria alianza kazi katika hospitali, na huko aliwaona watoto wenye akili pungufu. Siku zile watoto hao walifungiwa pamoja na wendawazimu wazima. Hapakuwa na mwalimu wala kazi kwa ajili yao. Yasimuliwa kwamba mlezi mmoja aliwanung'unikia mbele yake, akisema wakiisha kula hujitupa chini kuokota makombo ya mkate, kwa ulafi wao. Maria akatazama kila upande wa chumba kile. Hapakuwa na kitu cha kushika; palikuwa na kuta tupu na sakafu tupu. Ndipo alipofahamu kwamba watoto wale waliokota makombo ili kuyachezea vidoleni. Mikono yao ilikuwa na njaa kuliko matumbo yao.

Akavisoma vitabu vya waganga wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliokuwa wamewafundisha watoto wa namna hiyo zamani. Mwaka 1900 shule ilifunguliwa Roma kwa ajili ya kuwatengeneza walimu wa watoto hao, na Maria aliiongoza pamoja na mganga mwenzake, Giuseppe Montesano. Maria aliwapa watoto vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha. Baadhi yao wakajua kusoma na kuandika, wakashinda mtihani kama watoto wengine. Watu wakamsifu. Lakini yeye hakustarehe kwa sifa zile. Alijiuliza: kama hawa wamefika pale, ni kitu gani kinachowazuia watoto wenye afya katika shule za kawaida wasifike mbali zaidi?

Uchungu wa mama

Hapa hatuna budi kutaja jambo la huzuni, maana si haki kusimulia maisha ya mtu kwa kuficha. Tarehe 31 Machi 1898 Maria alizaa mtoto mwanamume, Mario. Baba yake alikuwa Montesano, nao hawakufunga ndoa. Katika nchi na siku zile, mwanamke aliyezaa hivyo angepoteza kazi yake na heshima yake yote. Mtoto alipelekwa shambani, akalelewa na jamaa nyingine. Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, naye Maria akaiacha shule ile.

Mario alikuwa na miaka ipatayo 15 alipokuja kukaa na mama yake, baada ya bibi yake Renilde kufa mwaka 1912. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba kijana huyo ni wa ukoo tu. Tusimhukumu upesi mwanamke huyu, wala tusiseme jambo lile lilikuwa jema. Mtoto alilipa deni ambalo hakulikopa. Lakini tukijua uchungu huu, tutafahamu vizuri zaidi kwa nini Maria aliwatazama watoto wa wengine kwa macho ya namna ile.

Nyumba ya Watoto

Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, Maria alifungua nyumba katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Ulikuwa mtaa wa maskini. Wazazi walikwenda kazini tangu alfajiri, na watoto wao wadogo walibaki bila mlezi wakiharibu kuta na ngazi za majumba. Wenye majumba wakatafuta mtu wa kuwakusanya mahali pamoja. Watu waliona kazi hiyo ni ndogo mno kwa mganga mwenye shahada. Maria akaikubali. Watoto walikuwa 50 au zaidi kidogo, wote hawajatimiza umri wa kuingia shule. Wengi walikuwa na hofu na machozi. Nyumba hiyo iliitwa Nyumba ya Watoto.

Mwalimu wa kwanza hakuwa mwalimu wa shahada. Maria hakumwagiza kufundisha sana, bali kuweka vifaa, kuonyesha namna ya kuvitumia, kisha kutazama. Tazameni mambo yaliyotokea.

Siku moja Maria alimwona mtoto wa kike wa miaka kama mitatu akitoa na kurudisha vipande vya mti katika matundu yake, kila kipande na tundu lake. Aliwaamuru wengine waimbe na kumzunguka. Mtoto hakuinua macho. Maria akamwinua pamoja na kiti chake, akamweka juu ya meza. Mtoto akavikumbatia vipande vyake, akaendelea. Alirudia kazi ile zaidi ya mara 40. Mwishowe aliacha mwenyewe, akatazama huku na huku kwa furaha, kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri. Nani alimwamuru? Hakuna. Nani alimwahidi zawadi? Hakuna.

Siku nyingine mwalimu alisahau kulifunga kabati. Alipofika alikuta watoto wamekwisha kulifungua na kila mmoja anachukua kifaa. Mwalimu alidhani ni wizi, akataka kuwaadhibu. Maria aliona jambo jingine: watoto sasa wanajua vifaa, basi wanaweza kuchagua kazi. Tangu hapo vifaa viliwekwa mahali pa chini, mikono midogo ipate kuvifikia.

Siku nyingine tena aliwafundisha namna ya kupenga kamasi kwa kitambaa, taratibu, bila kelele. Alidhani watacheka. Walimpigia makofi kwa shangwe. Ndipo alipotambua kwamba watoto hawa wamezoea kukaripiwa na kudharauliwa kwa ajili ya pua zao, lakini hapana aliyewahi kuwafundisha kwa heshima. Mtoto ana heshima yake, na aibu huuma moyo wake kama inavyouma moyo wa mtu mzima.

Na kusoma je? Maria alikata herufi katika karatasi yenye mchanga, watoto wakazipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Siku moja ya jua wakati wa baridi alikuwa nao juu ya paa, akamwambia mtoto mmoja achore bomba la moshi kwa chaki. Mtoto akachora. Kisha, kwa ghafula, akapiga kelele za furaha kwamba anajua kuandika, akaandika sakafuni neno la mkono, neno la bomba, neno la paa. Wengine wakamkimbilia, wakaomba chaki, nao wakaandika. Hapana aliyekuwa amewalazimisha.

Uhuru wenye mpaka

Labda mtauliza: je, mtoto akiachwa achague mwenyewe, hatakuwa mkorofi? Watu wengi walimwuliza Maria swali hili. Katika nyumba yake mtoto aliweza kuchagua kazi, mahali pa kukaa na muda wa kuifanya. Lakini hakuruhusiwa kumpiga mwenzake, kumnyang'anya kifaa, wala kuharibu vitu. Aliyemaliza kazi alirudisha kifaa mahali pake kwa ajili ya mwingine. Basi uhuru wa mtoto ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa mema ya wenzake.

Ng'ombe anayekwenda kwa fimbo husimama fimbo ikipotea. Mtoto anayefanya kazi kwa sababu moyo wake unaitaka, huendelea hata mwalimu akitoka chumbani.

Shamba la ngano

Mwaka 1909 Maria aliandika kitabu juu ya njia yake, nacho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1913 alikwenda Marekani, akapokewa kwa heshima kubwa. Kisha alikaa Barcelona, katika Hispania, karibu miaka 20. Huko alijaribu jambo linalotuhusu sana sisi wanafunzi wa dini.

Katika Kanisa, watoto walikuwa wakifundishwa maneno mengi ya kukariri. Maria hakuyadharau maneno, lakini alitaka mtoto ajue kwa mikono yake na macho yake. Alitengeneza mahali penye meza ndogo na viti vidogo, watoto wajifunze mambo ya Misa Takatifu, majina ya vyombo, rangi za mavazi na sikukuu za mwaka. Watoto wakapewa shamba. Upande mmoja walipanda ngano, upande mwingine mizabibu. Waliitunza mimea, wakaingoja, wakavuna. Mtoto aliyeitazama punje ikizikwa udongoni na kurudi na punje nyingi, akatazama mkate na divai vikipelekwa altareni, alikuwa na maswali yake mwenyewe tayari. Padri hakuhitaji kumwamsha. Mwaka 1918 Baba Mtakatifu Benedikto XV alimpokea Maria na kuibariki kazi yake. Mwaka 1954, miaka miwili baada ya kifo chake, wanawake wawili wa Roma, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi, walianza katekesi ya watoto wadogo kwa njia hiyo hiyo, nayo ikaenea katika nchi nyingi.

Wenye amri na wenye silaha

Nchini Italia mtawala Mussolini alimpendelea Maria kwanza, kuanzia mwaka 1924, na shule zake zikaongezeka. Lakini Mussolini alitaka watoto wafundishwe kutii tu na kuvaa sare kama askari. Watu hawa wawili hawakuweza kwenda pamoja daima. Mwaka 1934 Maria aliiacha Italia, na shule zake zikafungwa huko. Katika Ujerumani pia watawala wa Hitler walizifunga. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawaka Hispania, naye akakimbia tena, akafika Uholanzi. Alikuwa na miaka 66, na nyumba yake imebaki nyuma. Ndugu zetu wa Ituri waliokimbia vijiji vyao wanajua maana ya jambo hilo.

Mwaka 1939 alisafiri na Mario mpaka Bara Hindi kufundisha walimu katika mji wa Madras. Mwezi Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na Waingereza, waliotawala Bara Hindi, wakawahesabu Waitalia wote kuwa adui. Mario alikamatwa na kutiwa kambini. Maria alikatazwa kusafiri. Lakini tarehe 31 Agosti 1940, siku alipotimiza miaka 70, gavana mkuu alimpelekea simu kwamba zawadi iliyo bora kwa siku hiyo ni kumrudishia mwanawe. Mario akaachiliwa. Angalieni: serikali ilimtaja Mario mbele ya watu wote kuwa mwana wake. Jina lililofichwa zaidi ya miaka 40 lilirudi kwa mkono wa wale waliomfunga.

Wakakaa Bara Hindi mpaka mwaka 1946, wakafundisha walimu zaidi ya 1000. Huko milimani Kodaikanal waliwafundisha watoto kuchunguza mimea, wanyama na mawe ya nchi yao, kila mtoto akifuata swali lake.

Mwisho wa safari

Baada ya vita Maria alirudi Uholanzi. Alihubiri kwamba amani haianzi katika mikutano ya wakubwa, huanza katika malezi ya mtoto mdogo. Jina lake lilipendekezwa mara tatu kwa tuzo ya Nobel ya amani. Tarehe 6 Mei 1952, katika mji wa Noordwijk kando ya bahari, alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya kwenda Afrika kufundisha walimu. Alikuwa na miaka 81. Siku hiyo hiyo akafa, naye akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji huo.

Afrika hakuiona, lakini kazi yake ilifika. Nchini Tanzania masista wa Kikatoliki wamewatengeneza walimu wengi wa njia hii, kama huko Msimbazi, Dar es Salaam. Nchini Kenya, karibu na Nakuru, watu waliofukuzwa makwao kwa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walifundishwa ualimu huu, wakawafundisha watoto wao wenyewe.

Wako waliomlaumu Maria. Mwaka 1914 mwalimu wa Marekani, Kilpatrick, aliandika kwamba vifaa vyake vinambana mtoto mno, na kwamba mtoto apewe nafasi ya kubuni zaidi. Baada ya vita vya 1945, watu wa kijiji kimoja karibu na Reggio Emilia, Italia, waliuza kifaru cha vita kilichoachwa na Wajerumani, malori na farasi, wakajenga shule ya watoto wadogo kwa fedha ile na kwa matofali ya nyumba zilizobomoka. Kijana mwalimu, Loris Malaguzzi, aliwasaidia. Huko watoto huchagua jambo la kuchunguza, kama kivuli au mvua, na mwalimu huchunguza pamoja nao siku nyingi. Njia zimeachana kidogo, lakini mzizi ni mmoja: swali la mtoto ni mwanzo wa elimu yake.

Nasi tufanye nini?

Msiseme: sisi ni maskini, hatuna vifaa vya Ulaya. Katika Mahagi tuna maharagwe, mahindi, karanga, vibuyu na udongo. Mtoto wako akikuuliza kwa nini unafukia haragwe, usimpe jibu upesi. Mpe maharagwe matatu. Moja alitie katika udongo wenye maji, moja katika udongo mkavu, moja aliweke juu ya jiwe. Kila asubuhi atazame. Siku chache zikipita, la kwanza litapasuka na kutoa mzizi. Ndipo atakapouliza swali la pili: kwa nini mzizi unashuka? Mwache aligeuze haragwe juu chini, atazame tena. Mtoto huyo amekwisha kuingia shuleni, ingawa hajavuka kizingiti cha darasa.

Mchanganyie mbegu za namna tatu katika ungo, azitenge akiwa amefumba macho. Mfundishe kumimina maji bila kumwaga, kufagia, kufunga vifungo vyake mwenyewe. Akikawia, mngoje. Akikosea, mwache aone kosa kwa macho yake kabla hujalisema. Akimwumiza mwenzake, mzuie mara moja, maana hapo ndipo mpaka ulipo.

Na hasa msiwasahau watoto wa wakimbizi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 watu wengi walikimbia vita vya Djugu, na wengine walifika kwetu Mahagi. Mtoto aliyeona nyumba ikiungua huenda akawa kimya kama wale wa San Lorenzo siku ya kwanza. Mtu akimwona atadhani ni mjinga. Mpeni kazi ya mikono, mahali pa utulivu, na mtu mzima mwenye kumtazama kwa heshima. Kabla ya chumba cha shule, hayo yanawezekana chini ya mwembe.

Yezu Kristu aliwakemea wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimkaribie. Wakatekumeni wapenzi, mnajiandaa kwa ubatizo, mpate kuwa watoto wa Mungu. Basi, jioni ya leo mkifika nyumbani, mtazameni yule mdogo mwenye kijiti mkononi. Kaeni chini karibu naye. Mwulizeni anatafuta nini, kisha mngoje ajibu.